Jengo lenu dogo Uingereza: mchukue usimamizi, mnunue ardhi, au mwende barazani?

Taa ya ngazi katika jengo letu la fleti sita ilizimika mwezi wa kumi, ikaja kubadilishwa mwezi wa pili. Jirani yangu wa juu, mama mzee anayetembelea mkongojo, alipanda na kushuka gizani msimu mzima wa baridi huku akipapasa ukuta. Ankara ilipofika ilionyesha kuwa fundi alikuja mara mbili: mara ya kwanza kuitazama taa, mara ya pili kuweka balbu. Safari zote mbili tulizilipia sisi. Jioni hiyo tulikaa jikoni kwangu, watu wanne na birika la chai, tukaulizana kwa nini nyumba tunayoilipia inasimamiwa na mtu ambaye hatukumchagua.

Tangu tulipochukua usimamizi, Waswahili wenzangu wenye fleti huku hunipigia simu. Juzi dada mmoja wa Leicester aliniuliza hata kabla hatujamaliza salamu: "Kaka, hawa watu nawatoaje?" Hapa naandika majibu ninayowapa, njia moja kando ya nyingine, kwa jengo dogo la fleti mbili hadi kumi hivi. Ni sheria ya England na Wales. Scotland ina utaratibu wake, usiuchanganye na huu.

Kwanza tuelewane tumenunua nini. Ukinunua fleti huku, mara nyingi hujanunua kuta wala kiwanja. Umenunua lizi, yaani haki ya kuitumia fleti ile kwa miaka 99, 125 au zaidi, na juu yako yuko mwenye ardhi na jengo. Yeye, au wakala aliyemweka, ndiye anayekata bima, anayemwita fundi wa paa, anayeamua ngazi zifagiliwe lini. Ninyi mnalipa kupitia ada ya huduma. Aliyezoea Nairobi hushangaa, maana Kenya, chini ya sheria ya 2020 ya mali za sehemu za jengo, wenye fleti hupata shirika lao la pamoja mpango wa jengo unaposajiliwa. Huku shirika la namna hiyo haliji lenyewe. Lazima mlidai.

Njia kubwa za kudai ni tatu. Ya kwanza ni haki ya kusimamia (Right to Manage), ambayo kila mtu anaiita RTM: mnaunda kampuni yenu, inachukua usimamizi, na ardhi inabaki kwa mwenyewe. Ya pili ni kununua ardhi na jengo kwa pamoja, hata asipotaka kuuza. Ya tatu ni kwenda kwenye baraza la nyumba, lile ambalo England linaitwa First-tier Tribunal, mkaomba limteue msimamizi mwingine.

Je, lazima kuwe na kosa?

RTM ilianza kutumika England mwaka 2003, chini ya sheria ya 2002, na uzuri wake ni kwamba haiulizi nani amekosa. Hata mwenye jengo akiwa anasimamia vizuri, mnaweza kumwambia ahsante, tunachukua wenyewe. Hamumlipi fidia. Kununua ardhi nako hakuhitaji kosa, ila kunahitaji pesa, na nyingi.

Barazani ni tofauti kabisa. Chini ya sheria ya 1987 lazima muonyeshe kwamba msimamizi amevunja wajibu wake, au ametoza ada isiyo ya haki, au kuna sababu nyingine inayofanya uteuzi uwe wa haki na wa kufaa. Kabla ya kufika huko mnampa notisi ya kumweleza makosa yake na, kama yanarekebishika, muda wa kuyarekebisha. Ni kesi. Mnahitaji picha, barua, tarehe, ankara.

Nimeona watu wenye hasira wakikimbilia barazani hata pale ambapo RTM ingewafaa zaidi, na nawaelewa: wanataka mtu mwenye mamlaka atamke kwamba walionewa. RTM haitoi tamko hilo. Tena haifuti madai ya nyuma. Kama mlitozwa isivyo haki mwaka juzi, hilo mnalipeleka barazani kwa ombi la pekee la kupima kama ada ile ilikuwa ya haki. Mambo haya mawili yanaweza kwenda pamoja bila moja kungoja jingine. Ukiyatenganisha kichwani mapema, utachagua kwa utulivu.

Mko wangapi?

Hapa ndipo majengo madogo hukwama, kwa hiyo hesabuni kabla ya kumlipa mtu yeyote hata senti.

Kwa RTM, jengo liwe na angalau fleti mbili zenye wamiliki wa lizi ndefu (iliyotolewa kwa zaidi ya miaka 21), na fleti za namna hiyo zifike theluthi mbili ya fleti zote. Kisha angalau nusu ya fleti zote ziwe na mwanachama ndani ya kampuni siku mnayotoa dai. Katika jengo la fleti sita mnahitaji tatu. Katika jengo la tano, tatu pia. Katika jengo la mbili, wote wawili. Mmoja akikataa, hakuna RTM.

Kununua ardhi nako kunataka nusu ya fleti na theluthi mbili ileile, lakini kuna kikwazo kimoja zaidi: mtu mwenye fleti tatu au zaidi katika jengo hilo hahesabiwi miongoni mwa wanaostahili. Kwenye jengo la fleti sita, mfanyabiashara mmoja aliyenunua tatu za kupangisha anaweza kuwavurugia hesabu yote.

Barazani hesabu si tatizo. Mwenye fleti mmoja peke yake anaweza kuomba. Ukiwa na jirani mmoja tu, na jirani huyo anakaa Dubai na hajibu barua pepe, pengine hii ndiyo njia pekee uliyobakiwa nayo.

Kuna mtego wa majengo yaliyokuwa nyumba moja kubwa, yakagawanywa. Kama nyumba hiyo ina fleti zisizozidi nne, na mwenye jengo au mtu mzima wa familia yake ameishi humo kwa miezi 12 iliyopita kama makazi yake makuu, RTM haipo. Ukikaa fleti ya juu na mwenye jengo yuko chini, jua hilo kabla hujamgongea mlango. Na kama anayewapangisha moja kwa moja ni halmashauri, RTM ya aina hii haiwahusu. Wapangaji wa halmashauri wana utaratibu wao.

Habari njema ni ya wanaokaa juu ya maduka. Zile nyumba za barabara kuu zenye duka la kuku wa kukaanga chini na fleti tatu juu, zamani nyingi zilikataliwa kwa sababu sehemu ya biashara ilizidi asilimia 25 ya eneo la ndani. Tangu Machi 2025 kiwango kwa RTM ni asilimia 50. Kama mliwahi kuambiwa haiwezekani kwa sababu ya duka, chukueni futi mkapime upya. Duka lenyewe litabaki mikononi mwa mwenye jengo, lakini paa, ngazi na bima mtasimamia ninyi.

Pesa: nani analipa nini

RTM ndiyo rahisi zaidi kuanzisha. Mnasajili kwa Companies House, yaani msajili wa makampuni, kampuni isiyo na hisa, ambayo kila mwanachama anadhamini pauni moja tu, kwa katiba ambayo sheria imekwisha kuiandika. Zamani kampuni ililazimika kulipa pia gharama za wakili wa mwenye jengo alipokuwa akilichunguza dai, na ankara hiyo iliwavunja moyo wengi. Tangu Machi 2025 kwa kawaida kila upande unabeba gharama zake. Kwa hiyo mzigo wenu ni ada ya usajili, na wakili au mtaalamu mkiamua kumtumia. Mimi nashauri mumtumie angalau kwa notisi, hata kama kazi nyingine mtaifanya wenyewe.

Kununua ardhi kunahitaji mthamini na wakili wenu, na kwa utaratibu uliozoeleka mnalipa na gharama za haki za upande wa pili. Bei inategemea kodi ya ardhi mnayomlipa mwenye ardhi, thamani ya fleti, na miaka iliyobaki kwenye lizi zenu. Halafu kuna jambo la majirani wasioshiriki. Mkiwa watatu kati ya sita, ninyi watatu ndio mnaobeba bei ya jengo zima, na wale wengine watatu wanakuwa wapangaji wenu. Wengine wanaliona hilo kama mtaji: lizi za wale watatu zitakapohitaji kurefushwa, watakuja kwenu. Wengine hawana pesa hiyo leo, na hakuna aibu.

Sheria mpya ya 2024 imepitisha mabadiliko makubwa ya namna bei hii inavyokokotolewa, ila kupitishwa si kuanza kutumika. Kabla ya kutoa notisi ya kununua, muulizeni wakili ni vifungu gani vinafanya kazi siku ileile. Kuwahi au kungoja kunaweza kuwa tofauti ya maelfu ya pauni.

Barazani mnalipa ada ya ombi, na wakili mkimtaka. Zingatieni jambo moja linalosahaulika sana: mikataba mingi ya lizi inamruhusu mwenye jengo kuingiza gharama zake za kesi kwenye ada ya huduma, kwa hiyo mnaweza kushinda na bado mkalipia wakili wake. Katika ombi lenu ombeni pia amri ya kifungu cha 20C cha sheria ya 1985 ya wenye nyumba na wapangaji, inayomzuia kufanya hivyo. Andikeni tangu mwanzo, msingoje hukumu.

Miaka iliyobaki kwenye lizi

Hili kwangu ndilo linaloamua kati ya RTM na kununua, na ndilo watu husahau kuuliza kwa sababu fikra zao zote ziko kwenye paa linalovuja.

RTM haiongezi hata siku moja kwenye lizi yako. Kodi ya ardhi unaendelea kulipa kama zamani, na haki ya kukunyang'anya lizi ukivunja masharti inabaki kwa mwenye ardhi. Ukinunua ardhi, ninyi ndio mnaojipa lizi mpya, hata ya miaka 999 bila kodi ya ardhi.

Mstari wa hatari ni miaka 80. Lizi ikishuka hapo, kanuni ambayo imetumika miaka yote inaongeza kwenye bei kile kinachoitwa thamani ya muungano: ongezeko la thamani linalopatikana lizi na ardhi zikiungana, ambalo mwenye ardhi anagawana nanyi nusu kwa nusu. Kama lizi zenu ziko kwenye miaka 83 au 84 na pesa inapatikana, singewashauri mtumie mwaka mzima kwenye RTM huku saa hiyo inagonga. Kama ziko 110, RTM inatosha sana, na mwenye haraka ya kuuza anaweza kurefusha yake peke yake. Tangu Januari 2025 hakuna tena sharti la kumiliki fleti miaka miwili kabla ya kuomba kurefusha.

Tahadhari kwa majengo marefu kidogo. England, jengo la mita 11 au zaidi, au la ghorofa tano na kuendelea ukihesabu ya chini, linawapa wenye lizi kinga fulani dhidi ya gharama za kasoro za usalama, chini ya sheria ya 2022 iliyokuja baada ya moto wa jengo la Grenfell, London. Jengo lililokwisha kununuliwa na wenye lizi wenyewe linaweza kukosa kinga hizo. RTM haiziondoi. Kwenye jengo la ghorofa tatu hili halikuhusu. Kwenye la tano, usisaini chochote kabla ya wakili kulijibu kwa maandishi.

Kazi yenyewe

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hakuna fomu inayolieleza, na ndilo linalonifanya niandike.

Siku RTM inapoanza, kampuni yenu haina pesa yoyote isipokuwa ada ya huduma. Haina mtaji, na mara nyingi haina hata samani. Mwenye jengo wa zamani, awe mbaya vipi, alikuwa na uwezo wa kulipia bomba lililopasuka leo na kutudai kesho. Sisi tulipoanza tulikuwa na akiba tuliyokabidhiwa, ambayo sheria inamlazimisha aitoe, na ilikuwa ndogo kuliko bei ya mfereji wa paa.

Fikirieni upatu. Mkiwa kumi na mmoja asitoe, mchezo unayumba lakini unasimama. Mkiwa sita na mmoja asitoe, sehemu moja ya sita ya bima haipo, na kampuni ya bima haitaki maelezo. Katika jengo letu mmoja alichelewa miezi mitano. Ni mtu ninayekutana naye ngazini karibu kila asubuhi. Kumwandikia barua ya deni yenye nembo ya kampuni, kisha kumsalimia kwenye sanduku la barua, kulinikosesha usingizi kuliko mkutano wowote na wakala wa zamani. Alilipa. Lakini kabla hajalipa tulikuwa tumeshasoma fomu za mahakama ya kaunti, kwa sababu hiyo ndiyo silaha ya kampuni ya RTM. Kumnyang'anya lizi hatuwezi.

Kwa hiyo swali la kwanza ninalowauliza wanaonipigia haligusi sheria. Nauliza: majirani zako wanalipa? Wanalipa kwa wakati? Kama wanachelewa kumlipa wakala mwenye mawakili, watawalipa ninyi?

La pili ni sheria zenyewe, ambazo sasa zinawabana ninyi kama zilivyombana yeye. Kazi yoyote itakayomgharimu mwenye fleti yeyote zaidi ya pauni 250 lazima mshauriane kwanza kwa notisi, hatua mbili za siku 30 kila moja, na makadirio ya bei kutoka kwa mafundi. Chukueni jengo la fleti sita zinazogawana sawa: kazi inayozidi pauni 1,500 tayari imegusa kanuni. Paa likigharimu 9,000 na mmeruka notisi, mnaweza kuishia kukusanya pauni 250 tu kwa kila fleti, yaani 1,500, mpaka baraza liwasamehe. Zile 7,500 zitatoka wapi? Kampuni haina mfuko mwingine. Mwenye jengo tajiri anaweza kumeza kosa kama hilo. Kampuni ya majirani haiwezi.

Ankara ya ada iwe na jina na anwani ya mwenye jengo na ile karatasi ya muhtasari wa haki na wajibu, la sivyo jirani ana haki ya kutolipa mpaka mtakapoirekebisha. Gharama idaiwe, au angalau itolewe taarifa yake kwa maandishi, ndani ya miezi 18 tangu ilipotumika. Pesa yenyewe sheria inaiita amana, na kwa Kiswahili neno hilo halihitaji ufafanuzi: ikae kwenye akaunti yake, isiguswe kwa jambo lolote nje ya jengo. Usalama wa moto wa sehemu za pamoja unakuwa mikononi mwenu, pamoja na tathmini ya hatari iliyoandikwa. Kila mwaka kuna taarifa za Companies House, na majina ya wakurugenzi ni ya wazi kwa ulimwengu.

Kuna kubanwa kwingine ambako wengi hawakutarajii: kampuni inafuata lizi kama ilivyoandikwa. Kama lizi hairuhusu mfuko wa akiba, hamwezi kuuanzisha kwa sababu tu mmekubaliana jikoni. Jirani akitaka kubomoa ukuta wa ndani, ruhusa mnatoa ninyi, ila kwanza mnampa mwenye ardhi taarifa ya siku 30. Naye ana haki ya kuwa mwanachama wa kampuni yenu mkishachukua usimamizi, kwa hiyo msishtuke akija mkutanoni.

Mkinunua ardhi, kazi hizi zote zipo vilevile, ila hamna tena mtu juu yenu. Barazani kazi si yenu: msimamizi aliyeteuliwa anaifanya, na anawajibika kwa baraza, si kwa mwenye jengo wala kwenu. Hamwezi kumwondoa kwa kura. Uteuzi wake una muda, na ukiisha mnarudi mlipokuwa kama hamjapanga kingine. Kwa jengo ambalo majirani hawasemezani, mtu wa nje asiye wa upande wowote ni nafuu kubwa.

Muda

RTM isiyopingwa huchukua miezi minne na kitu. Mnawaalika kwanza wenye fleti wote ambao bado si wanachama, mnangoja siku 14, kisha mnatoa notisi ya dai. Mwenye jengo anapewa angalau mwezi mmoja kujibu, na tarehe ya kuchukua inakuwa angalau miezi mitatu baada ya hapo. Akipinga, mna miezi miwili ya kwenda barazani. Mkiipitisha, dai limekufa na mnaanza upya.

Upinzani huwa juu ya karatasi: jina lililokosewa, notisi isiyomfikia mtu anayestahili. Agosti 2024 Mahakama ya Juu ililegeza kidogo, ikasema kukosea kumpa notisi mwenye lizi ya kati, aliye kati yenu na mwenye ardhi, hakuui dai moja kwa moja. Hata hivyo msijitegemeze hapo. Nunueni nakala za hati za jengo kwenye daftari la ardhi, muone kila jina lililopo kati yenu na ardhi.

Kununua ardhi huchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu bei ndiyo inayobishaniwa. Barazani inategemea ushahidi wenu na foleni yao.

Na kama jengo lenu liko kwenye eneo lenye majengo kadhaa, jua kwamba RTM inakwenda jengo kwa jengo, kampuni moja haichukui mawili. Januari 2022 Mahakama ya Juu iliamua pia kwamba RTM haifiki kwenye bustani, maegesho na barabara za pamoja zinazotumiwa na majengo mengine. Mtasimamia ngazi zenu. Geti na maegesho yatabaki kwa yule yule, na ada yake mtaendelea kulipa.

Mkishachukua: wakala au wenyewe?

Chini ya fleti nne, na kama mmoja wenu anapenda hesabu na ana subira, jisimamieni. Bima, msafishaji, mhasibu wa mwisho wa mwaka, basi. Kuanzia sita na kuendelea mimi napendelea wakala, ila aliyeajiriwa na ninyi, kwa mkataba usiozidi mwaka mmoja. Ukizidi miezi 12 na gharama ikapita pauni 100 kwa mwaka kwa fleti yoyote, nao unahitaji notisi za mashauriano. Muulizeni mambo matatu: yuko kwenye mpango gani wa malalamiko (England ni lazima tangu 2014), akaunti ya amana yenu iko kwa jina la nani, na anapata kamisheni yoyote kwenye bima au kwa mafundi. Swali la tatu muulizeni mkimtazama machoni.

Sisi tuliweka wakala mdogo wa mtaani. Anakusanya ada na kutuma barua za deni, jambo lililonirudishia salamu zangu za asubuhi. Mafundi tunawachagua sisi.

Ningechagua nini

Lizi ndefu, majirani wanaolipa, wawili walio tayari kuwa wakurugenzi: RTM, bila kusita. Lizi zinazokaribia 80 na nusu ya majirani wenye pesa: nunueni ardhi, na kama usimamizi ni mbovu kiasi cha hatari, RTM inaweza kutangulia. Mwenye jengo akitangaza kuuza, angalieni barua zenu kwa makini, kwa maana mara nyingi sheria ya 1987 inamlazimisha kuwapa ninyi nafasi ya kwanza, na barua hiyo ina tarehe ya mwisho. Majirani wagomvi au wasiopatikana, na ushahidi wa uzembe mkononi: baraza. Na kama tatizo lenu ni ankara moja tu, usipindue jengo zima. Ipingeni hiyo ankara. LEASE, shirika la ushauri wa wenye lizi linalogharimiwa na serikali, lina ushauri wa bure, na wao ndio wapigieni kabla yangu.

Dada wa Leicester tulipiga hesabu kwenye simu: fleti tano, lizi za miaka 118, wanaolipa wanne. Nilimwambia aanze kwa kupika na kuwaita.

Mkifika kwenye tarehe ya kuchukua, andaeni orodha ya vitu vya kudai kwa barua wiki kadhaa kabla: hesabu za miaka iliyopita, salio la ada, tathmini ya moto, ripoti ya asibesto kama jengo ni la zamani, mikataba ya mafundi, ufunguo wa kabati la mita na wa dari. Sisi ufunguo wa dari tuliupata baada ya wiki tatu, na dari ndiko lilikokuwa tangi la maji. Bima msiingoje kabisa. Bima ya mwenye jengo inaweza kukoma siku ileile ya kuchukua, kwa hiyo yenu ianze saa sita ya usiku huohuo, na cheti chake kiwe mkononi kabla hamjalala.